Nilipoipepeta Programu Kama Ulezi

Haya jamani, salamu zenu nyote. Wa Tumsifu Yesu Kristo mmeitikia, wa Asalaam aleikum mmeitikia, na wale mnaoitikia kwa kichwa kwa sababu mdomoni mna kitumbua nimewaona pia. Leo zamu ya kusema ni yangu. Tulikubaliana kwenye kikundi hiki cha mafundi cherehani kwamba anayesimama hapa hataji jina la mtu, na mimi sitataja. Lakini na nyinyi mnisaidie. Nikifika pale kwa jirani yangu, msigeuze shingo kumwangalia.

Ndugu zangu, nina wivu. Sisemi nilikuwa nao, nasema ninao. Nimeamka nao leo asubuhi, nikanywa nao chai, nikaja nao hapa.

Wengi mnakijua kibanda changu hapa mjini. Nashona, nadarizi, naweka nembo kwenye masweta ya shule. Tumetenganishwa na jirani yangu kwa bati moja tu. Akipiga chafya kwake, mimi najibu. Tulinunua mashine za kudarizi pamoja, na kijana mmoja akatuwekea programu ile ile kwenye kompyuta zetu, ile inayogeuza picha kuwa mishono. Akatufundisha wote wawili siku moja, tumekaa benchi moja. Sasa mniambie, mtu mmeanza naye benchi moja, inakuwaje yeye wateja wanapanga foleni na mimi wananiuliza yeye amekwenda wapi?

Halafu mume wake! Kila siku saa nne anamletea uji kwenye chupa ya chai, anamfungulia mwenyewe, anamkorogea sukari. Mume wangu alipita siku moja akaona, akasema, "Yule mama mashine yake inaimba vizuri." Mashine yake inaimba vizuri! Chakula cha jioni kilikuwa na chumvi kidogo zaidi kuliko kawaida, na sikuomba radhi.

Basi kwaya yetu ikapata jubilei ya parokia. Wakaamua kuvaa mitandio mipya yenye nembo ya kwaya begani, imedariziwa kwa uzi wa dhahabu. Mimi naimba sauti ya pili pale tangu sijaolewa. Mwalimu wa kwaya akaja kibandani, kijana mpole, akaniamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu."

"Mama, hii kazi tumesema ni ya kwako. Anza mapema tu, tusije tukaaibika mbele ya baba askofu."

Nawaambia, siku ile nilitembea katikati ya soko kama mtu aliyechaguliwa. Bei ya nyanya sikuuliza.

Nikaanza kuchora nembo. Kompyuta ikaniambia imejaa, haina nafasi ya kuhifadhi. Nikafikiri nipunguze nini. Video za harusi ya mdogo wangu kule Matai siwezi kuzigusa, yule amenililia mbele ya watu. Nikaingia kwenye folda ya ile programu. Mama yangu! Mafaili yamejazana humo, majina hayasomeki, utadhani aliyeyaandika alikuwa anakohoa. Moja tu lina picha ya sindano, ndilo ninalolibofya kila siku likafunguka.

Mimi nimezaliwa kijijini Kate, nimekulia kwenye ulezi. Nimeshika ungo kabla ya kushika kalamu. Nikaona punje ni hii yenye sindano, na yaliyobaki ni makapi. Nikayapepeta. Nikayafuta yote, na lile pipa la taka la kwenye kompyuta nikalimwaga pia, maana mimi ni mtu wa usafi. Nafasi iliyopatikana haikutosha hata picha za kitchen party.

Asubuhi nikabofya sindano. Badala ya kufunguka, kikatokea kidirisha kidogo chenye msalaba mwekundu na maneno ya Kiingereza, na chini yake kitufe cha kukubali. Nikakubali. Kikaondoka. Nikabofya tena, kikarudi, nikakubali tena. Nilikubali mpaka kidole kikachoka.

Mnacheka. Nani hapa amewahi kusoma kile kidirisha mpaka mwisho? Nyoosheni mikono. Haya, nilijua.

Nikaizima nikaiwasha. Nikaipuliza vumbi. Nikaifunika blanketi, kwa sababu mnajua baridi ya mwezi wa saba hapa kwetu, nikasema labda imeganda. Nikaitoa juani. Fundi mmoja wa kompyuta akaja, akaangalia huku akichati, akasema dawa ni kufuta kila kitu na kuipanga upya. Nikamuuliza, "Na nembo zangu za shule zote?" Akasema, "Hizo ndiyo basi tena." Nikamwambia asante, nenda salama.

Na muda wote huo, upande wa pili wa bati, takatakatakata. Mashine ya jirani haipumziki. Kila takataka nilikuwa naihesabu. Halafu siku moja nachungulia kwenye tundu la msumari, ndiyo, nilichungulia, naona uzi wa dhahabu juu ya meza yake. Dhahabu ile ile!

Ndugu zangu, nilikaa chini. Nikaiona jubilei yote. Nikajiona nimesimama mbele ya waumini naimba utukufu, na begani mwangu pana kazi ya mikono ya jirani yangu. Watu wananiuliza, fundi ni nani, na mimi ninajibu huku natabasamu. Hapana. Kuliko hivyo ningeimba nimejifunga taulo.

Mwalimu wa kwaya akapita tena. Safari hii hakukaa.

"Mama, wanakwaya wanauliza. Tukifika Jumapili bado hujaanza, itabidi tuangalie pengine."

"Pengine wapi?"

Akaangalia bati.

Alipoondoka nikaurudia ule msalaba mwekundu kwa hasira. Nikasema leo sikubali chochote mpaka nijue ninakubali nini. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, kinatembea kwa magongo, lakini kinafika. Nikasoma neno kwa neno. Kilikuwa kinasema: programu imeshindwa kuanza kwa sababu faili fulani halipo. Na jina la faili kimelitaja! Nikaliangalia lile jina la kukohoa. Nikalikumbuka. Nilikuwa nimelifuta kwa kidole changu hiki.

Nikaingia mtandaoni, nikalipata faili la jina hilo kwenye ukurasa uliojaa matangazo ya dawa za nguvu za kiume. Nikaliweka kwenye folda, nikabofya. Kidirisha kikarudi, lakini sasa kinataja faili lingine. Nikatafuta hilo, kikataja la tatu, na kompyuta yenyewe ikaanza kufungua matangazo bila kuambiwa. Ndipo nikaelewa kwamba nikienda hivyo, mitandio itavaliwa na wajukuu. Sindano haikuwa programu. Sindano ilikuwa mlango tu, na nyumba yenyewe ilikuwa ni yale makapi niliyoyapuliza.

Nikajicheka kwa uchungu. Sisi Wafipa tukilima matuta yetu ya mviringo, majani hatuyachomi. Tunayafukia ndani ya tuta, yanaoza humo, na mahindi yanakula hayo. Kila mtoto wa Kate anajua kwamba kilichofichwa ndani ya tuta ndicho kinacholisha kinachoonekana juu. Najua hivyo tangu nina miaka ya kubebwa mgongoni, halafu nimefika mbele ya kioo cha kompyuta nikajifanya nimesahau.

Nilihitaji folda nzima, kama ilivyokuja. Kijana aliyetuwekea alishavuka Kasanga kwenda Zambia, na simu yake haipatikani mpaka leo. Mjini hapa folda ile ilikuwa imebaki kwa mtu mmoja tu.

Nimesema msigeuke.

Kutoka mlango wangu mpaka mlango wake ni hatua za kuku. Nilizunguka soko zima kwanza. Nikanunua chumvi nisiyoihitaji. Nikarudi, nikasimama pale nje, uji unanukia, mashine inaimba, na roho yangu inaniambia bora ukose kazi kuliko kumwomba huyu. Nawaambia ukweli, nilikaribia kuisikiliza. Kilichonisukuma siyo utakatifu. Ni lile bega langu. Nikasema, mate haya ya kumwomba nitayameza mara moja, lakini mtandio ule ningeuvaa kila Jumapili.

"Hodi jirani."

"Karibu, pita, mbona unasimama mlangoni kama mtoza ushuru?"

"Programu yangu haiwaki. Nimefuta mafaili yake. Nilikuwa naomba..."

Akazima mashine. Katikati ya kazi, jamani! Akafuta mikono, akasema, "Lete flashi."

Basi. Hakuuliza niliwezaje kufuta, hakucheka, hakunipigisha magoti. Akanakili folda yote, si sindano peke yake, akaja nayo kibandani kwangu. Tukahamishia video za harusi kwenye flashi zipishe nafasi, tukafuta yale mafaili ya matangazo, tukaiweka mpya mahali pake. Nikabofya. Kile kidude cha kuzuia virusi kwenye kompyuta kikaruka kikalikamata faili moja, kikidhani ni mwizi. Tukakiambia hili ni la nyumbani, liachie. Nikabofya tena, na programu ikafunguka mpaka mwisho, na nembo zangu zote zimo. Nililia. Yeye akanimiminia uji wa mume wake kwenye kikombe changu. Na uji wenyewe, kwa bahati mbaya, ni mtamu.

Nilidarizi mitandio yote, jubilei ikafanyika, na nilisimama na kazi yangu begani. Mlituona. Mwalimu wa kwaya alipokuja kuchukua mzigo, nikamuuliza kwa kuzungusha, ule uzi wa dhahabu wa jirani ulikuwa wa nini.

Akashangaa. "Mama, kwani hakukwambia? Kiongozi wetu alimpelekea yeye mtandio mmoja wa mfano na uzi. Akavirudisha vyote. Alisema, kazi ya kwaya ya yule mama itamsubiri yule mama."

Ndugu zangu, siku zote nilizokuwa nachungulia kwenye tundu la msumari, yeye alikuwa amekataa kazi yangu, na hakuniambia, na hakuniringia hata alipokuja kunisaidia. Takataka ile yote ilikuwa ya masweta.

Sasa niwape la kubeba. Kompyuta ikikataa kuanza, kile kidirisha chenye msalaba mwekundu kisome kabla ya kukikubali, maana kinakutajia jina la kilichopotea. Programu ikija kwenye folda, ibebe folda nzima, weka na nakala pembeni. Usipepete kitu ambacho hukukilima.

Namshukuru mume wangu aliyekula chumvi bila kulalamika. Nawashukuru wanakwaya walionisubiri. Na yule mwingine namshukuru, ingawa nimekatazwa kumtaja.

Nilidhani nikitoka kwenye shida ile wivu nao utaondoka. Haukuondoka, umehama. Wateja wake sina haja nao tena, na uji nimejifunza kupika. Sasa namwonea wivu ule moyo. Nikilala nauwaza: mtu anapewa kazi ya jirani yake, anairudisha, halafu anakaa kimya upande wa pili wa bati anashona masweta. Mimi ningemwambia mji mzima. Ndiyo maana leo nimesimama.

Haya, sasa mnaweza kugeuka. Mmeshageuka tangu zamani, nawaona. Na wewe jirani, acha kujificha nyuma ya ushungi. Sogea kidogo hapo kwenye benchi, nakuja kukaa.