Barua ya Kumhamisha Mwalimu Mwanatumu

Hapa barazani petu Bondeni, kwenye kona ya duka la mchele, midomo haijafungwa tangu Jumatatu. Mwalimu Mwanatumu, mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo nyuma yetu, amepewa uhamisho wa ghafla, na huu ni mwezi wa saba wa mwaka wa tisini na nane, darasa la nane limebakisha miezi minne tu lifanye mtihani. Uhamisho umetokana na barua ya wazazi na wakaazi. Hao wakaazi ni sisi. Yuko Kazungu, karani wa bandarini, tunayemwita Kontena kwa sababu kila jambo la duniani kwake limeshuka melini. Yuko Joab wa reli, tuliyempa jina la London kwa kuwa redio ya huko haimtoki sikioni. Mimi ni Athmani, fundi wa saa, nami wameniita Saa Mbovu, jina nisilolipenda hata kidogo. Menza ni mshonaji, hana jina la utani kwa kuwa hasemi sana. Kahawa tungu ni ya Mbwana, na alasiri ile ndiyo kwanza alikuwa ameweka chini dele, birika lake la shaba.

Kontena ndiye aliyeanza, kama kawaida yake.

Kontena: Mimi niliwambia tangu siku iliposhushwa ile kompyuta ya shuleni kwa Mwanatumu. Shule ya Ulaya yakupa kompyuta bure? Bure ya nini, yakhe? Kuna kitu wataka kurudi nacho.

London: Huo ndio utandawazi. Juzi redioni wameueleza vizuri sana. Dunia nzima sasa ni kijiji kimoja.

Kontena: Kijiji? Chifu wake nani?

London: Hakina chifu.

Kontena: Basi hicho si kijiji, ni vurugu.

Mimi: Lakini Mwanatumu ni mtoto wa hapa hapa. Mamake alikuwa akituuzia kaimati. Atatuuza kwa Wazungu yeye?

Kontena: Hajui kama yuwauza! Sikiza. Watoto waandikiana barua na watoto wa kule, sivyo? Kila barua ina jina, umri na darasa. Bandarini sisi twaita hiyo orodha ya mzigo. Orodha ikikamilika, kinachofuata ni meli.

London: Wewe unafikiria kidogo. Mambo ni makubwa kuliko hayo. Wanataka kufuta walimu wakuu wote. Atabaki mmoja, wa dunia nzima, anakaa Uswisi.

Mbwana: Na kengele ataipigaje?

London: Kwa setilaiti.

Hapo nilishindwa kunyamaza, maana mambo ya saa ni kazi yangu.

Mimi: Kwa saa za wapi? Jua la Uswisi si jua la Mombasa. Akipiga ya kuingia darasani, wetu washasoma hesabu. Akipiga ya kwenda nyumbani, huku adhana ya magharibi yalia. Mama gani atakubali?

London: Ndiyo maana wamemtoa Mwanatumu. Alikuwa anajua mengi.

Kontena: Waliomtoa si wao. Tumemtoa sisi.

Alisema hivyo bila kukusudia, nadhani. Ukweli ni kwamba yule mama alikuwa akitukera. Alipiga marufuku kiboko, tukasema watoto wataharibika. Kisha akataka kila baba aende akae darasani na mwanawe, asubuhi moja kila muhula. Mimi nililetewa wito mara tatu, nikajibu kwamba nina saa za watu mezani. Wenzangu nao walikuwa na ya kwao. Hakuna hata mmoja aliyekwenda, na leo naona haya kulisema.

Menza akatua kikombe.

Menza: Mwanangu hasemi nami.

Kontena: Mejumaa wako, huyu wa darasa la nane?

Menza: Tangu Jumatatu. Alipeleka madaftari ofisini, akaukuta ukurasa wa majina wa ile barua umewekwa mezani. Akaliona langu. Aliporudi hakupiga kelele wala hakulia. Chakula chake yuwala jikoni, amenipa mgongo. Na mwajua kwamba Mwanatumu ndiye aliyekuwa akimsomesha hesabu Jumamosi, yeye na wenziwe kumi, nyumbani kwake, bila kutaka kitu. Jumamosi hii watakwenda kwa nani?

London: Pole sana, ndugu yangu.

Menza: Pole yako nimeipokea. Sasa niambie, wewe ujuaye Kizungu. Ile barua iliandikwa Kizungu; ilisemaje?

London: Mimi? Mimi sikuisoma. Niliona Athmani ametia sahihi.

Mimi: Mimi nilitia kwa sababu niliona ya Kontena. Nikasema huyu ni mtu wa makaratasi, hawezi kutia mkono ovyo.

Kontena: Mimi nilikuwa nakimbilia zamu. Mbwana aliniletea pamoja na kahawa, iko juu ya sinia, na kidole chake tayari kimo.

Sote tukamgeukia Mbwana.

Mbwana: Msinitazame hivyo! Alikuja bwana mmoja na tai, akasema ni ya wakaazi. Nikadhani ni ile ya kutuombea ruhusa ya kuuza kahawa barabarani. Nikatia gumba. Mwenyewe nilishukuru.

Ndivyo tulivyo sisi watu wa baraza hili. Karatasi ikija na mkono wa mwenzako umetangulia, kuisoma ni kumvunjia heshima, kama kwamba humuamini. Tumetiliana sahihi za harusi, za mazishi na za kuwekea watu dhamana, na siku zote tumetoka salama. Safari hii tumemtoa mtu kazini kwa adabu hiyo hiyo.

Mara akatokea mwanamke na begi moja zito, viatu vina vumbi jekundu la mbali. Alisimama mbele yetu akapumua kwanza.

— Hamjambo, wazee wangu?

— Hatujambo, mama, karibu, tukamjibu. London akampisha akae, akakataa kwa upole.

— Naitwa Nasipwondi. Natoka Bungoma, nimeletwa kuwa mwalimu mkuu hapo shuleni. Nimeambiwa nyinyi ndio wazee wa mtaa.

Mbwana akammiminia kikombe; yeye akaendelea.

— Nimesikia mwenzangu aliandikiwa barua. Wanangu nimewaacha kwa mama yangu, kwa hiyo sitaki kuja kuharibu kazi nikafukuzwa. Naomba mnisaidie jambo moja tu. Mwalimu Mwanatumu alikosea nini?

Akatoa daftari, akafungua ukurasa mpya, akashika kalamu.

Kontena aliona kitu cha maana sana juu ya paa la duka. Mimi nilitoa saa ya mteja mfukoni nikaitega sikioni, na hata sikumbuki kama ilikuwa ikienda. Yule mama aliendelea kungoja, akitutazama mmoja baada ya mwingine, hana hasira.

Menza ndiye aliyesimama.

Menza: Mwalimu, andika kwamba hatujui. Andika barua ile hatukuisoma, sote hapa, na Mwalimu Mwanatumu twamtaka arudi. Nawe ukarudi kwa wanao, inshallah.

Nasipwondi alimtazama sana.

— Nikiandika hivyo mtatia sahihi? Kesho saa mbili lazima niripoti ofisi ya elimu. Naweza kuipeleka mwenyewe.

Menza: Tutatia.

Akaandika akiwa amesimama, begi katikati ya miguu. Hakuandika mengi. Alipomaliza akalichana lile karatasi kutoka daftarini, akalinyoosha mbele yetu. Kontena alishachomoa kalamu yake ya bandarini, na Mbwana alikuwa yuwajipaka wino kwenye gumba, wote wawili na haraka ya watu wanaotaka kusamehewa.

Menza akawashika mikono.

Menza: Ngojani. Tusomee kwanza, mwalimu. Neno moja moja, na kwa Kiswahili.