Inapanda, Inachoka

Benchi liko mbele ya kibanda cha kinyozi, na asubuhi ile jua lilikuwa bado linajinyoosha juu ya mabati. Mvuke wa kahawa ulipanda polepole, kama mtu asiye na pa kwenda. Digrii, aliyesoma mpaka akamaliza madarasa yote na sasa ana miaka miwili bila kazi, alikaa na shati la pasi na tai shingoni. Saa nne ana intavyuu, ghorofa ya nne, jengo la ng'ambo ya barabara. Mwezi uliopita, jengo hilohilo, aliwaacha mabwana waliokuwa wakimhoji katikati ya swali akatoka mbio, mkono kifuani, akijua anakufa. Hospitali wakampima, wakamwambia: huna kitu.

— Huna kitu! — alifoka. — Hilo hata mama yangu analijua! Nimeenda kuuliza kinachoniua, bana, nasomewa sivii yangu!

— Presha hiyo, — alisema Kinyozi.

— Presha wamepima. Iko sawa kuliko yako.

— Basi tai. Inabana mshipa. Shingo za watu nazijua mimi.

— Siku ile sikuvaa tai, kaka.

— Si ndiyo hapo! Shingo ilikuwa inaitafuta.

Fundi Viatu, aliyekuwa kando ya benchi akigonga soli ya kiatu, akatoa msumari mdomoni.

— Ni lifti. Lifti inabeba mwili tu, moyo unabaki chini, unapanda ngazi wenyewe. Ukifika juu unahema, unagonga: du-du-du! Dogo anadhani anakufa, kumbe moyo unaomba kufunguliwa.

Digrii alitaka kucheka, lakini aliuona kabisa moyo huo, umevua viatu, unapapasa ukuta wa ngazi. Vidole vikafa ganzi. Barabara ikasogea mbali, kelele zake zikawa redio ya jirani. Imekuja hapahapa, bila lifti! Akainuka akimbie.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa dada mgeni, fundi cherehani aliyehamia duka la pili juzi.

— Mdogo wangu, ikikushika, huwa inakuachia baada ya muda gani?

Kinyozi akamtazama Fundi Viatu. Fundi Viatu akatazama soli.

— Sijui, dada, — Digrii alihema. — Huwa nakimbia kabla.

— Mimi ilinikuta na gauni la bibi harusi mapajani, limejaa pini. Ningekimbilia wapi? Nikakaa nayo.

— Ikawaje?

— Ikapanda, ikapanda, ikachoka.

Digrii akakaa. Ikapanda. Kifua kikajaa maji, anga likamwinamia mpaka karibu na paji la uso. Akavuta pumzi, akaitoa taratibu, akavuta nyingine. Mahali fulani, bila kumuaga, ile hali ikaanza kushuka, na vidole vikarudi kimoja kimoja.

— Bado upo, dogo? — Kinyozi alinong'ona.

— Nipo.

Ilikuwa saa nne kasoro robo. Akavuka barabara akitembea.