Donge la Mama Careen

Benchi la Mzee Masoudi limeegemea ukuta wa duka la vipuri vya baiskeli, hatua chache kutoka stendi ya Mbinga, na ukifika mwezi wa sita watu hulikalia wakiwa wamevuta makoti hadi masikioni. Wilaya nzima inalima kahawa, lakini kuinywa wameachiwa hawa watatu: Masoudi mwenyewe, mwenye birika, ambaye babu yake alitoka Kilwa, Evarist, karani wa mizani mstaafu, anayeitwa Waziri kwa kuwa ana majibu ya kila wizara, na Aidan fundi seremala, jina la kijiweni Futi Sita, ingawa hata tano hazifiki. Mama Careen huwaletea skonsi za kunywea kahawa. Alhamisi hiyo alitua beseni chini, skonsi moja ikagonga ukingo, ikalia kama jiwe.

— Waiteni waashi, akasema Futi Sita. Matofali yamefika.

— Cheka tu, baba. Wiki ya tatu hii donge haliumuki. Na Careen anapita keshokutwa.

Careen ni binti yake mkubwa, mfanyakazi wa Dodoma, hajakanyaga Mbinga miaka mitatu. Jumamosi gari la ofisi lao litapita kwenda Mbamba Bay na litasimama stendi dakika kumi. Kwenye simu ameomba kitu kimoja: skonsi za mama, za iliki, zikiwa za moto. Miaka mitatu kwa dakika kumi. Mama Careen hakulia. Alikwenda kununua hamira nyingine.

— Hamira yako imekufa, akasema Masoudi. Kitu cha pwani ukikipandisha milima hii kinakata roho. Mimi mwenyewe nimenusurika tu.

— Haijafa. Nimeijaribu kwenye maji ya uvuguvugu na sukari, ikatoa povu kikombe kizima.

— Basi ni mkandaji, Waziri akadakia. Wahenga walisema, mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Uvungu umeingiaje hapo?

— Unga uko chini, unataka upande juu. Sasa usipoinama wewe, utapandaje?

Futi Sita alichukua skonsi, akaigeuzageuza kama anayekagua ubao wenye fundo.

— Hebu oneni. Imebonyea katikati kama yale mashimo ya ngolo tunayolimia milimani. Humu unapanda maharage kabisa. Mimi nasema wa kulaumiwa ni milima. Kuinuka kote kwa wilaya hii kumeshachukuliwa na milima. Unga ukitaka kuinuka, unaambiwa nafasi zimejaa.

— Acha kamba! Mama Careen akasema. Mbona hapo jirani Mpepai mikate inaumuka?

— Mpepai wana mtu wao huko juu.

Masoudi alicheka hadi kahawa ikamwagikia kiatu. Waziri hakucheka; alikuwa anapanga yake.

— Nyie hamjui. Hewa ya kuumulia unga inatoka Ziwa Nyasa. Zamani ilipanda huku yote. Siku hizi wenzetu wa Mbamba Bay wanaibania kukaushia dagaa. Inafika kwetu imeshatumika.

— Kwa hiyo nifanyeje, niteremke ziwani na sufuria kichwani?

— Mchumia juani, Mama Careen, hulia kivulini.

— Hulia kwa kula au kwa machozi?

— Hilo ni la wizara nyingine.

Mama Careen akacheka nao. Kule nyumbani mkate ukiharibika hakuna hata wa kuucheka.

Ndipo akaja msichana mwenye sweta jembamba la watu wasioijua Mbinga, akaamkia benchi zima.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwalimu. Kaa, upashe mikono kwa kikombe.

Jina lake Tunu, mwalimu mpya kutoka Tanga. Ndiyo kwanza wiki ya pili. Alichukua skonsi, akaing'ata, akaitoa, akaitumbukiza kwenye kahawa kwa adabu.

— Mama, donge lako huwa unaliweka wapi liumuke?

— Pale pale siku zote. Kitandani kwa watoto.

Waziri alishusha kikombe. Habari hiyo haikuwa imefika wizara yoyote.

— Kitandani?

— Baridi yote hii utaliweka wapi? Wakiamka alfajiri kwenda shule, natumbukiza sufuria pale walipolala, blanketi bado lina joto lao. Nafunika gubigubi. Wakimaliza uji, donge limeshafika kwenye mfuniko. Watoto watano, miaka ishirini, halijanigomea hata siku moja.

— Na sasa hapo wanalala wangapi? Tunu akauliza.

— Hakuna. Walburga alikuwa wa mwisho. Kaenda Makambako mwezi uliopita.

Futi Sita alirudisha skonsi yake kwenye beseni.

— Si uliweke kando ya jiko, mama? Tunu akasema. Joto la jiko linatosha.

— Najua.

— Unajua?

— Mwanangu, nimeoka tangu hujazaliwa. Najua.

— Sasa kwa nini bado unaliweka kitandani?

Aliuliza bila ubaya, kama mtu anayetaka kujifunza. Waziri akageukia mabasi. Masoudi akainua birika, akalirudisha bila kummiminia mtu. Mama Careen alichokiona ni mikono yake tu: kila alfajiri inabeba sufuria, inapita jikoni penye moto, inakwenda mpaka chumba kile, inafunika, inachomeka blanketi pembeni upepo usiingie. Kisha anatoka na kuvuta mlango polepole, kama kuna mtu asiyetakiwa kuamshwa.

— Jumamosi nitaliweka jikoni, akasema hatimaye. Careen apate kitu laini.

Akainuka, akakung'uta makombo kwenye khanga.

— Mbona mapema? Masoudi akauliza. Kahawa bado ipo.

— Nakwenda kukunja blanketi.