Kirusi Kilichonyoa Ndevu

Benchi la mbele ya kinyozi lina miguu mitatu na tofali, na habari za mtaa hupita hapo kabla hazijawafikia wenyewe. Asubuhi hiyo Gundi, fundi viatu, alikaa mwisho kabisa, majibu ya kipimo cha korona mfukoni, kikohozi kifuani. Binti yake alijifungua wiki iliyopita. Mjukuu wa kwanza, na bado hajambeba! Karatasi ilisema kirusi hakikuonekana. Pua yake, ambayo tangu jana hainusi hata gundi ya viatu, ilisema mengine.

— Karatasi ina muhuri, alisema Karani, mstaafu wa ofisi asiyoitaja, akiichomoa mfukoni mwa Gundi. Chenye muhuri hakibishiwi. Kambebe mtoto.

— Mpimaji kaniambia kirusi hubadilika, alisema Gundi. Kipimo kinatafuta kipande fulani cha jeni zake. Kipande kikigeuka, kipimo kinaweza kukipita hivi hivi. Nikizidi kuumwa nirudi, wana kingine kinachotafuta vipande vitatu.

— Kumbe kimenyoa ndevu! alidakia Wembe, kinyozi. Juzi nilimnyoa mtu ndevu za miaka ishirini. Kufika kwake, mbwa kamng'ata, mke kamwita mwizi.

— Mkewe hakumjua hata kwa sauti? aliuliza Shangazi, muuza kahawa.

— Alimjua. Ndiyo maana akamwita mwizi.

— Basi wakipime kwa sauti! Hicho kikohozi si ndicho kinaongea?

Karani akaweka kikombe chini.

— Ofisini faili lilibadilishwa jalada. Tulilitafuta miaka sita, kumbe nimelikalia. Gundi, hebu inuka.

Gundi akainuka. Wote wakachungulia. Palikuwa na msumari wa viatu wa Gundi uliopotea.

— Mvumilivu hula mbivu, alisema Karani, akiutia mfukoni mwake mwenyewe.

— Mimi nasema kimeoa mafua, alisema Wembe. Sasa kinaishi ukweni kwa jina la mke.

— Ukimchunguza sana bata humli, alikata shauri Shangazi. Gundi, nenda!

Moyo wa Gundi ukalegea. Watatu hawawezi kukosea kwa pamoja. Akafuta mikono kwenye aproni, na papo hapo binti yake akatokea kwenye kona, kichanga kifuani.

— Baba, nimekungoja hufiki, nikaona nikuletee. Utambeba?

Karani akasoma muhuri upya. Shangazi akakoroga kahawa isiyo na sukari. Mikono ya Gundi ilikuwa imeshainuka yenyewe; akairudisha mgongoni, akarudi nyuma hadi ng'ambo ya barabara.

— Simama hapo hapo, mwanangu! Mfunue uso kidogo… Haya, nimemwona. Mpeleke nyumbani.

Wembe akanyoosha mikono ampokee mtoto.

— Wewe pia acha! Gundi akapiga kelele. Tumekaa benchi moja!

Akashika njia ya kwa wapimaji. Punde Karani akamfuata, kisha Wembe, kisha Shangazi na birika lake, wameachana hatua kumi kumi, kila mmoja akinusa kiganja chake.