Dakika Kumi na Ini la Jana

Tarehe 6 Mei 1983, marehemu aliingia buchani na ndoo ya barafu, akataka ini la ng'ombe aliyechinjwa dakika kumi zilizopita. Muuza nyama, ambaye hakujua kuwa anamhudumia mke wake wa kesho, alimpa la jana na kuapa kuwa ni la asubuhi ile. Saa nane mchana marehemu alirudi nalo.

"Kaka, hili la jana."

"Nani kakwambia, dada?"

"Lenyewe. Ninachokitafuta humu kimeshakufa."

Tangu siku hiyo muuza nyama alimletea ini kutoka machinjioni mbio mbio, saa mkononi, na soko zima likambandika marehemu jina la Dakika Kumi.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa tatu wa mpika sabuni, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda. Tangu utotoni alimsumbua baba yake kwa swali moja: mafuta yakiwa sufuriani yanageuka sabuni, je, tumboni? Swali hilo lilimpitisha shule ya msingi, sekondari ya wasichana, hadi shahada ya baiokemia mwaka 1981.

Kuanzia 1982 hadi 2016 alifanya kazi katika maabara ya chuo kikuu, akichunguza kimeng'enya kinachoamsha asidi za mafuta ndani ya seli za ini. Mumewe alimwelewa alipoelezwa kimachinjioni: nyama haitoki bila mhuri wa mkaguzi, na mafuta nayo hayachomwi yakawa nguvu mpaka kimeng'enya hicho kiyagonge mhuri. Mwili hutanguliza nguvu kidogo kuulipia.

"Unatoa kidogo upate kingi," mume alisema. "Hiyo biashara naijua."

Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985, wakajaliwa mabinti pacha. Maini marehemu hakuyagusa mezani. "Siwezi kula ofisi," alisema.

Moyo wake ulianza kuchoka Agosti 2021. Tarehe 3 Juni 2023, wodini, alimuuliza mumewe daktari kasemaje.

"Wiki ijayo uko nyumbani."

Akamshika mkono. "Baba Pacha, usiniuzie la jana."

Basi mume akamwambia yote aliyosema daktari. Marehemu alishukuru, akaomba ageuziwe mto. Alifariki tarehe 5, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 66.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, dada mmoja na ndoo yake. Yeye alipata ini bichi kwa miaka thelathini na mitatu. Mumewe alipata mtu asiyeweza kumdanganya, na leo amempoteza.

Apumzike sasa, bila kutazama saa.