Hodi ya Jumanne

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, mimi ni mdogo wake marehemu, kitindamimba wa nyumba yetu, na ninasoma haya kwa amri yake mwenyewe, maana mwezi uliopita aliniita kitandani, akanitaka niandike huku anasikiliza, na akanionya kwamba nikiruka kipande cha fundi atanifuata mpaka ndotoni, nami ninamjua dada yangu, angenifuata kweli.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yetu aliyekuwa seremala, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne, akasoma shule ya msingi iliyotazamana na karakana ya baba kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha sekondari ya bweni hadi 1978, na Januari 1979 akaingia chuo cha uuguzi, alikohitimu tarehe 4 Desemba 1982, siku ambayo mama alimvalisha kofia nyeupe nyuma mbele, na kwa furaha aliyokuwa nayo mama hakuna aliyethubutu kumwambia.

Aliajiriwa katika hospitali ya wilaya tarehe 3 Januari 1983, akahudumu wodi ya wanawake kwa miaka kumi na mitano, na humo ndimo alimofuatwa na mwalimu wa hesabu aliyekuja kumwona shangazi yake, akaendelea kuja hata baada ya shangazi kuruhusiwa kwenda nyumbani, wakafunga ndoa tarehe 16 Agosti 1986, wakajaliwa binti mwaka 1988 na mtoto wa kiume mwaka 1991.

Mwaka 1998, alipochoka kuwapokea watu wakiwa wameshapooza, aliomba mwenyewe kuwa muuguzi wa jamii, akawa anawafuata watu majumbani kabla ugonjwa haujawawahi, anawapima presha na sukari, anawafundisha kupunguza chumvi na mafuta, kuacha sigara na kutembea kwa miguu, na kwa kuwa alikuwa na kijiko chake mwenyewe mfukoni, akifunua sufuria za watu na kuonja bila kuombwa, mlimbandika jina la Sista Chumvi. Wengine mko hapa mliokuwa mkisikia viatu vyake mnasukuma kopo la sukari chini ya kitanda, msijifanye hamjui.

Siku hizo dada alikuwa mkali, na mgonjwa aliyeonja ukali huo kuliko wote alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, mtu wa presha ya juu na soda tatu kwa siku, ambaye dada alimsomea vipimo vyake kwa sauti mbele ya wateja, mpaka fundi akaanza kumkimbia, akawa kila Jumanne akisikia hatua zake anasimamisha cherehani na kunyamaza kimya ndani, na mtaa mzima unacheka.

Jumanne tarehe 9 Novemba 2004, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, dada alisikia cherehani ikisimama, akapiga hodi, akaona kandambili za fundi mlangoni, akapiga hodi tena, akacheka, akaandika kwenye daftari lake neno moja, amejificha, akaenda zake nyumba ya jirani. Mke wa fundi alirudi saa tisa alasiri akamkuta mumewe sakafuni kando ya mashine, kiharusi kimempiga tangu asubuhi, macho yako wazi na sauti hana, na baada ya siku mbili akafariki, na kama alisikia zile hodi hakuna aliyewahi kujua.

Dada hakupona jeraha la siku ile. Kwa miaka ishirini, cherehani ya mtu yeyote ikinyamaza ghafla alisimama, hata akiwa anakula, na cherehani aliyopewa binti yake kwenye harusi ilibidi ihamishwe nyumba nyingine. Kijiko alikiacha, akajifunza kukaa kwenye benchi la mgonjwa na kumwuliza ni kitu gani anaweza kukipunguza bila kujitesa, akaanzisha matembezi ya alfajiri ambayo nanyi mnayaendeleza, na mlango usioitikia hakuuacha tena, alizunguka dirishani, aliuliza majirani, alingoja.

Kwa mjane wa fundi alikwenda akasema yote, na mama yule akafunga mlango, lakini dada alirudi kila Jumanne, akapiga hodi, akakaa kizingitini nusu saa, akaondoka, hivyo hivyo kwa miaka sita, mpaka Jumanne moja mlango ulipofunguliwa na mjane akanyoosha mkono wake upimwe presha.

Alistaafu mwaka 2021, na Septemba 2024 akagunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akalala nyumbani, na mjane akawa ndiye anayekuja Jumanne, naye dada alitukataza kumwitikia hodi, alitaka aitikie mwenyewe, na sauti ilipoisha alikuwa akigonga ubao wa kitanda.

Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa tatu asubuhi, mjane alipiga hodi na ubao haukugongwa, akapiga tena, kisha akavua viatu akaingia, akamshika dada mkono, akakaa hivyo mpaka alasiri, dada alipokata roho akiwa na miaka sitini na mitatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, wenzake wa kazini, majirani waliotupikia, chakula chenyewe kimekosa chumvi na tumejua ni kwa heshima yake, na zaidi ya wote wewe mama, mjane wa fundi, uliyeketi hapo mbele, kwa sababu hukuondoka mlangoni.

Dada, nimeyasoma yote, sikuruka kitu. Pumzika kwa amani.