Herufi O ya Hoteli ya Jerono

Mwaka wa tisini na sita benchi yetu ilikuwa nje ya karakana ya Tarlochan, Kitale, na Chepkemei alituuzia kahawa hapo. Wekoye, fundi wa leth, ile mashini ya kukereza vyuma, alikuwa amejiundia mashini ya kuchonga herufi kwa mbao, inayoendeshwa na kompyuta kuukuu. Kisu kilisukumwa na skrubu ndefu ambayo Wekoye aliikata mwenyewe, uzi kwa uzi, ile mifereji inayoizunguka. Alikuwa amekata tatu sasa. Kila mara kisu kikigeuka kurudi kilichelewa kidogo, na O ikatoka wazi kama C. Asubuhi hiyo bango la HCTELI YA JERCNO lilikuwa limeegemea ukuta, Mama Jerono mwenyewe yuko njiani kutoka Kimilili kulichukua. Wekoye aliketi nasi, skrubu mapajani, macho mekundu.

— Ni baridi ya Elgon, akasema Kimaiyo, tuliyemwita Daktari kwa sababu alichanja ng'ombe. Chuma inajikunja. Si wazee walisema samaki mkunje angali mbichi?

— Hii si samaki, Daktari. Nimeipima mwanzo hadi mwisho. Haipishani hata unywele.

Absalom wa Bungoma, jina la kijiweni Stesheni, akatikisa kichwa.

— Hiyo chuma ulitoa wapi?

— Kwa wauza vyuma vikuukuu, karibu na reli.

— Basi. Chuma ya reli imezoea kwenda Malaba. Ukiiambia irudi, inafikiria kwanza.

— Si hata treni hurudi? Chepkemei akauliza, akimimina.

— Inarudi imechelewa. Ndiyo hiyo tunaongea.

Tukacheka. Wekoye hakucheka.

— Niliacha kazi ya mshahara juu ya hii kitu, akasema. Mke wangu ananiuliza imeandika nini. Namwambia bado inajifunza.

— Kompyuta ni ya Wazungu, bana, Daktari akasema. Itajuaje jina la Jerono?

Mama Jerono akatokea wakati huo huo, kikapu mkononi. Alisoma bango mara mbili.

— Huyu Jercno ni nani?

Wekoye akasimama, akamweleza yote bila kujitetea. Mama akaishika skrubu.

— Inapita ndani ya nini?

— Nati, mama.

— Nati uliikata lini?

Skrubu zilikuwa tatu. Nati ilikuwa ile ile ya kwanza. Wekoye akaitoa kwa mashini, akaivalisha skrubu, akaitikisa. Ikalia klak, klak, kama jino bovu: uzi wa nati ulikuwa umelika, skrubu ikicheza ndani kabla ya kushika.

— Kinu changu cha nyama kilikuwa hivyo, mama akasema, akaketi kungoja.

Wekoye aliikata nati vipande viwili, akaweka springi katikati ili kila kipande kikaze uzi upande wake. Saa tisa mashini ikachonga ubao mpya. Mama Jerono akazungusha kidole ndani ya O mpaka kikarudi kilipoanzia.

— Sawa, akasema. Sasa nichongee ingine, ya CHOO. Wateja wanaingia jikoni.